Swali la Nne

Cambridge, 6 Novemba 1899

Baba yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na ng'ombe wote, hata yule mwekundu mwenye kisirani. Mimi sijambo, ila mafua yamenishika tangu wiki iliyopita. Usiwe na wasiwasi. Mama mwenye nyumba ananinywesha maji ya vitunguu asubuhi na jioni mpaka wenzangu darasani wananikimbia.

Mwaka umepita tangu mama atutoke, na bado nikiona shuka jeupe kwenye kamba nageuka kumtafuta. Najua huko kwako ni zaidi.

Habari yangu kubwa ni kwamba Profesa Ludlow amenifanya msaidizi wake. Kazi yenyewe utaicheka. Tunakusanya shuhuda. Ametuma karatasi za maswali nchi nzima, kwa wakulima, walimu, wake za mabaharia, hata wafungwa, akiwauliza kama wamewahi kumhisi Mungu: lini, wapi, walihisi nini, na maisha yao yalibadilika vipi. Mimi ndiye ninayefungua barua zinazorudi. Siku nyingine nalia mezani kama mtoto.

Usidhani anawadhihaki. Hapa wapo walimu wanaosema mtu aliyeona nuru alikuwa na homa tu. Profesa anasema kulikotoka wazo si hoja. Shoka huliulizi lilifuliwa na nani. Unalijaribu kwenye gogo. Imani nayo itazame inafanya kazi gani katika maisha ya mtu. Ikimpa nguvu ya kupenda na kusimama tena baada ya msiba, basi ina ukweli wake. Tena anasema fahamu ya mtu haina kuta kama chumba. Ni kama shamba lisilo na ua, na upande ule wa mbali, tusikokuona vizuri, huenda ndiko Mungu anakoingilia.

Nimemsimulia habari ya Mwamba wa Juu na ile nuru uliyoiona pale. Akasema, "Mwandikie baba yako, bwana Stowell." Kwa hiyo nimeweka karatasi humu ndani. Ina maswali matano. Jina lako halitatajwa popote.

Mwanao,
Orrin


West Corby, 19 Novemba 1899

Kwa mwanangu Orrin, msomi,

Barua imefika, na mafua yako nimeyasikia mpaka huku. Vaa soksi za sufu alizokufumia mama yako, usizitunze kama sadaka. Mimi mzima. Goti la kushoto linatabiri theluji, na halijawahi kukosea. Ng'ombe mwekundu amempiga Hatch teke la paja alipokuwa akimkamua. Hatch anasema ng'ombe huyo hajaokoka. Nimemwambia basi ni wawili.

Kuhusu karatasi yako, sina la kuandika. Ushuhuda wangu umeusikia tangu unanyonya. Kila mtu West Corby anaujua, hata kasuku wangeusema tungekuwa nao. Uandike wewe.

Bi Achsah Tuttle anakusalimu. Bado kila Jumapili baada ya ibada ananishika mkono na kusema, "Shemasi, ile nuru." Nami namjibu, "Ile nuru, Bi Achsah." Ndiyo salamu yetu.

Babako,
Eliphalet Stowell


Cambridge, 27 Novemba 1899

Baba mpendwa,

Natumaini goti limetulia. Mimi nimepona, na soksi nimevaa.

Siwezi kuandika mimi. Karatasi inamtaka mwenye jambo. Kama mambo ya ujana yanakuchosha, basi andika lile la mama tu. Nilipofika siku ile alikuwa amekwisha kukata roho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepokea mgeni. Ulimwambia nini, Baba? Mama aliogopa giza maisha yake yote. Niandikie hilo, hata kama ni kwa ajili yangu peke yangu.

Mwanao,
Orrin


West Corby, 17 Desemba 1899

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu ni nzuri, kwa hiyo haya ninayoyaandika usiseme ni ya homa. Nimekawia kwa sababu nimechana barua tatu.

Umeniuliza nilimwambia nini mama yako. Ilikuwa saa nane mchana, jua likiingia dirishani, naye akasema chumba kina giza. Akanishika. "Eli, ile nuru ya mwambani, ilikuwa ya joto?" Nikasema ya joto. "Nitaitambua?" Nikasema utaitambua, Lucinda, itakuja kifuani kama ilivyonijia mimi. Akatabasamu. Hakusema tena. Ule uso ulioukuta ndio nilioutengeneza mimi.

Sasa sikiliza, Orrin. Hakukuwa na nuru.

Nilikuwa na miaka ishirini. Unajua desturi yetu: huwi mshirika kamili mpaka usimame mbele ya kanisa lote ueleze jinsi Mungu alivyokushika. Majira yale ya baridi vijana tisa walisimama, mmoja baada ya mwingine, wanalia, wanacheka. Mimi nilikaa. Niliomba mpaka magoti yakachubuka, na kila nikiomba nilisikia sauti yangu tu. Babu yako mzaa mama alikuwa shemasi, naye alisema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu asiyeokoka. Mwezi wa tatu nikasimama. Wiki ile nilikuwa nimepanda Mwamba wa Juu kuleta kuni, kwa hiyo nikasema ni pale. Nikasema nuru ilitoka kati ya ile miti miwili yenye magome meupe, ikaniingia kifuani, ya joto. Maneno yalikuja yenyewe. Watu walilia. Babu yako alinikumbatia mbele ya wote.

Nilidhani Mungu atakuja kunipa baadaye kile nilichotangulia kusema ninacho. Nimengoja miaka arobaini. Nimegawa mkate wa Bwana, nimekaa na wanaokufa, nimeomba kwenye kila nyumba ya bonde hili, na sijawahi kuhisi kitu, Orrin, hata mara moja, hata upepo.

Hili hakuna anayelijua ila wewe. Mama yako alikwenda akitafuta kitu nilichokitunga mimi ili nimpate yeye. Kama huko alikokwenda ni giza, alikwenda peke yake akidhani ninajua njia.

Nawe unayesoma vitabu vyote hivyo, niambie nimefanya nini.

Babako,
Eliphalet Stowell


Cambridge, 22 Desemba 1899

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi za Krismasi. Ninaandika mbio kwa sababu nimesoma barua yako mara nne na moyo unanidunda. Usihuzunike! Huoni ulichokiandika?

Umesema umedanganya. Mimi nasema tazama matunda. Neno moja ulilolisema ukiwa na miaka ishirini limewapa watu wa bonde zima nguvu ya kuishi. Mama alikufa kwa amani. Wewe mwenyewe ulisema maneno yale, kisha ukaishi kama mtu aliyeyaona: hukupiga mtu, hukudhulumu, hukukosa kwenda kwa mgonjwa. Mtakatifu gani amefanya zaidi? Ukweli haukai mahali ukingoja tuukute kama jiwe shambani. Wazo huwa kweli kwa jinsi linavyofanya kazi. Fikiria mtu anayevuka ziwa lililoganda. Akisita, atateleza. Akiamini barafu itambeba, hatua yake inakuwa imara na anafika ng'ambo. Imani yake imesaidia kuleta jambo lile lile aliloliamini. Lako ni hivyo, Baba. Hukupewa nuru, uliifanya.

Najua uliniandikia mimi. Lakini barua elfu mbili zimepita mikononi mwangu na hakuna hata moja kama yako, kwa hiyo nimemwonyesha Profesa. Ameomba kuisoma kwenye mhadhara wake wa wazi hapa ng'ambo ya mto, mjini Boston, mwezi ujao. Jina lako nimelifuta, na la kijiji pia. Hakuna atakayejua.

Mwanao anayekuheshimu kuliko zamani,
Orrin


West Corby, 14 Januari 1900

Kwa Orrin,

Natumaini u mzima. Mimi natembea.

Ulifuta jina, ukaacha mwamba. Ukaacha miti miwili. Mwanangu, umezaliwa hapa. Hakuna kijiji kingine duniani chenye shemasi na mwamba na miti miwili myeupe, na watoto wetu huoneshwa pale kabla hawajaoneshwa shule. Gazeti la Boston liliandika, gazeti la wilaya likanakili: "Shemasi mzee wa Vermont aungama kwa mwanawe." Hatch alilileta dukani. Hajui kusoma, akaomba asomewe kwa sauti.

Hakuna aliyenitukana. Ningependa wanitukane. Mchungaji Pratt amekuja na uso wa msiba na kusema labda nipumzike kidogo kugawa mkate. Jumapili watu waliniamkia vizuri kabisa, kama wanavyomwamkia mtu mwenye jamaa kichaa.

Bi Achsah hakuja kanisani. Jumatano alikuja nyumbani, kwa miguu, na theluji ile. Hakukaa.

"Eliphalet," akasema. Si Shemasi. "Ni wewe kwenye gazeti?"

Nikasema ni mimi.

"Siku walipomtoa Ansel wangu ziwani kwa kulabu, nilishatafuta kamba. Ukaja ukakaa na mimi jikoni siku tatu. Ulinambia Ansel amekwenda kwenye ile nuru, na wewe unaijua kwa sababu ilikupitia."

"Nilisema hivyo, Bi Achsah."

"Basi yuko wapi?"

Nikamvutia kiti.

"Nakuuliza mtoto wangu yuko wapi! Miaka kumi na moja nimemweka pale uliponiambia nimweke. Sasa nimpeleke wapi?"

Nilisema sijui. Akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, akaondoka.

Nawe ukanitolea mfano wa barafu. Umemsahau Ansel Tuttle? Mlikuwa mkicheza kuteleza pamoja. Siku ile tulipokwenda ziwani kukata barafu ya ghalani sote tulisimama ukingoni tukamwambia ngoja tupime, naye akacheka akasema itabeba tu. Hakusita, Orrin. Hatua yake ilikuwa imara sana. Barafu haikumuuliza anaamini nini.

Sisemi Profesa wako ni mjinga. Shoka la kweli hukata, hilo kweli. Lakini mtu akiniomba shoka nikampa mpini mtupu, akaenda nao msituni kwa kuniamini, hawezi kurudi kunishukuru kwa mwendo mzuri aliokwenda nao.

Nikuombe kitu. Nitumie karatasi nyingine ya maswali, safi. Ile ya kwanza niliichoma.

Babako,
E. Stowell


Cambridge, 20 Januari 1900

Baba mpendwa,

Sijui nianzeje. Nisamehe. Nisamehe na kwa Ansel. Nilikuwa nimekaa kwenye joto la maktaba, nikaona ziwa tu, sikuona ziwa letu.

Ningekuja kesho, ila nina mtihani tarehe kumi na tano Februari, na nikiukosa nafasi yangu inakwenda kwa mwingine. Nitakuja mara tu baada ya hapo tuvune utomvu wa miti ya sukari pamoja, na nitakwenda kwa Bi Achsah mwenyewe kumpigia magoti.

Karatasi uliyoomba hii hapa. Profesa amefurahi kusikia unataka kujaza. Anasema usijilazimishe chochote, uandike lile tu ulilonalo.

Kula vizuri. Usiishi kwa maharage ya Jumamosi wiki nzima.

Mwanao,
Orrin


West Corby, 4 Februari 1900

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Goti linauma sana leo, kwa hiyo theluji inakuja. Nimekula, usiulize nini.

Nilikukasirikia, sasa sikukasirikii tena. Ulisema mtu aupime ukweli kwa kuujaribu. Nimelifikiria hilo nikikamua. Unajua sikuwahi kupiga goti pale mwambani? Siku ile nilipakia kuni nikashuka. Na tangu hapo, miaka yote, niliona haya hata kupita. Nimewatuma watu pale kwa maneno na mimi mwenyewe sijakwenda kuuliza. Labda ndiyo sababu. Labda Yeye alikuwa akinisubiri mahali nilipomsingizia.

Jumamosi nitapanda alfajiri. Hatch atakamua. Sitaki kushuka haraka haraka kama mara ile. Mtu aliyemngojesha mwenzake miaka arobaini hawezi kulalamika akingojeshwa saa chache.

Nikipata kitu, wa kwanza kuambiwa ni Bi Achsah, wa pili ni wewe.

Soma, ufaulu.

Babako akupendaye,
Eliphalet


West Corby, 16 Februari 1900

Baba,

Nakuandikia mezani kwako, kwa kalamu yako. Sikusalimu wala sikuulizi afya. Nimejaribu kuanza kwa desturi na mkono umekataa.

Barua yako ilinifikia Jumatano ya wiki iliyopita. Treni ya jioni ilikuwepo. Niliisoma nikaona ni nzuri mno, Baba, nikachukua penseli nikaweka alama pembeni ya maneno yako, "mahali nilipomsingizia", nikaandika, kama ninavyoandika kwenye shuhuda za Profesa: *linafaa*. Kisha nikarudi kujisomea mtihani wangu, ambao jana umenipita. Alama ile bado ipo, na nitakapokufa itakuwepo.

Hatch alikukuta Jumapili, ulipokosekana kanisani. Theluji ilikuwa imekufika kiunoni. Ulikuwa umepiga magoti ukielekea miti ile miwili, kofia umeiweka juu ya mwamba kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Walikushusha kwa sleji ya kuni, wakiikokota juu ya theluji. Juzi Jumatano tulikusomea ibada, lakini hatukukuzika. Ardhi imeganda, ni chuma. Umelazwa kwenye kile chumba cha mawe nyuma ya kanisa, pamoja na mtoto wa akina Pease, mpaka Aprili.

Mfukoni mwako Hatch alikuta karatasi, akanikabidhi ilivyokunjwa. Ni ile niliyokutumia. Jina: umeliandika kamili, herufi nzuri. Wapi: Mwamba wa Juu. Lini: Februari 10, 1900, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Swali la nne, ulihisi nini, umeandika neno moja.

*Baridi.*

Chini yake, kwa mwandiko ambao karibu nisiujue kuwa ni wako: *Nangoja.* Swali la tano hukulifikia.

Jumanne Bi Achsah alikuja. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasema umekutwa umepiga magoti, na wengine walisema uso wako ulikuwa unang'aa. Ulikuwa na barafu, Baba. Alisimama pale pale mlangoni, nadhani ndipo aliposimama mbele yako.

"Hatch anasema kulikuwa na karatasi."

"Ndiyo, Bi Achsah."

"Alisema nikipata kitu nitamwambia Achsah. Alimwambia Hatch hivyo alipomwachia ng'ombe." Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Amekonda. Jikoni kwake, anasema Hatch, moto haujawaka vizuri tangu gazeti. "Wewe ni mtu wa kusoma. Nisomee. Aliandika nini?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilijua kila kitu ambacho Profesa angesema na kila kitu ambacho wewe ungesema. Nilimwangalia mama yule, na nilijua pia kamba za Ansel za kufungia sleji bado zimetundikwa ghalani kwake.

"Ameandika kwamba aliiona," nikasema.

"Nuru?"

"Nuru. Kati ya miti miwili."

Alishika mwimo wa mlango. "Ilikuwa ya joto?"

Nikasema ya joto.

Alilia, Baba, alilia mpaka nikamshika asianguke, akaninong'oneza, "Basi yupo. Ansel wangu yupo." Jana ameleta mkate na mtungi wa maharage. Rangi imemrudia mashavuni. Amesema Jumapili atakaa kwenye benchi lake la zamani, na nyumba tatu zilizokuwa zimeacha ibada zinarudi pamoja naye. Ndiyo matunda. Nimeyahesabu yote, kama nilivyofundishwa, na ni mema, na siwezi kula ule mkate.

Siku ya tatu leo tangu nimwambie. Ulibeba hiki miaka arobaini na bado ukaweza kumtania ng'ombe.

Mchungaji Pratt amepita adhuhuri. Anataka Jumapili nisimame mbele ya kanisa lote niwasomee karatasi yako, kisha nieleze mwenyewe Mungu alivyoishika nyumba yetu. Anasema watu wanaihitaji sana majira haya. Nimemwambia karatasi imelowa, haisomeki, ila maneno ninayo kichwani.

Karatasi yenyewe itakuwa mfukoni mwangu nikiwa nimesimama. Nimeshaanza kuyapanga maneno, na ulisema kweli, yanakuja yenyewe.

Mwanao,
Orrin